Kazi ya usiku ikikwama, asilaumiwe mwalimu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nami nitoe maoni yangu juu ya jambo linalotusumbua walimu wengi wa shule za msingi, hasa sisi tulio vijijini. Naamini linawasumbua pia waganga wa zahanati, watendaji wa vijiji na makarani wa vyama vya msingi. Jambo lenyewe ni mifumo ya kompyuta ambayo asubuhi hutukatalia kazi kwa maneno kwamba kanzidata imefungwa, au hutuzungusha tu bila jibu, kwa sababu kazi fulani iliyopangiwa kujiendesha yenyewe usiku ilikwama na haikuachia kufuli.

Wapo watakaosema mwalimu ashike chaki, mambo ya kanzidata awaachie mafundi. Ningekubaliana nao kama chaki na kanzidata vingekuwa bado vinakaa mbalimbali. Lakini sivyo. Baada ya Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022, vishikwambi vilivyotumika katika kazi ile vilikabidhiwa kwa walimu. Leo idadi ya wanafunzi, uhamisho, mahudhurio na alama vyapelekwa kwa mtandao. Ruzuku ya shule huhesabiwa kwa idadi ya wanafunzi, na mtoto ambaye jina lake halikuingia huwa kama hayupo, ingawa amekaa dawati la mbele na amenyoosha mkono. Basi jambo hili limekwisha kuwa la mwalimu, atake asitake.

Hali ilivyo ni hii. Tunaarifiwa kwamba mwisho wa kuingiza taarifa ni Ijumaa saa 9:30 alasiri. Kijijini mtandao haushiki kila mahali. Mwalimu hupanda kilima baada ya vipindi, na bando hununua kwa fedha yake mwenyewe. Alhamisi usiku, kule seva iliko, kazi ya kujumlisha takwimu huanza kama ilivyopangwa, kisha hukwama. Ijumaa kutwa mfumo hauandikiki. Jumatatu inakuja barua: mwalimu ajieleze kwa nini amechelewesha taarifa. Sitautaja mfumo wala ofisi, kwa kuwa nia yangu si kumshitaki mtu. Nia yangu ni kueleza ugonjwa wenyewe, maana ukijulikana dawa yake inajulikana pia.

Kwanza tuelewe kufuli ni nini, na kwa nini lipo. Chukua mfano wa ghala la mahindi ya chakula cha wanafunzi. Mwalimu wa stoo anapohesabu magunia hufunga mlango, ili mtu mwingine asiongeze wala asitoe gunia katikati ya hesabu. Akimaliza huandika daftarini, hufungua mlango, na wengine huingia. Kanzidata hufanya vivyo hivyo. Watu wengi hutaka kuandika mahali pamoja kwa wakati mmoja. Wawili wakisoma kwamba darasa lina watoto 61, kila mmoja akaongeza mtoto mmoja na kuandika 62, mtoto mmoja amepotea, maana jibu la kweli ni 63. Kufuli humfanya wa pili angoje mpaka wa kwanza amalize. Kwa hiyo kufuli si adui. Ni mlinzi wa ukweli wa hesabu zetu.

Elimu hii si ya jana. Mtaalamu wa Uholanzi, Edsger Dijkstra, aliandika mwaka 1965 juu ya njia ya kuzifanya kazi za kompyuta zipishane bila kuharibiana. Mwaka 1976, Jim Gray na wenzake wa kampuni ya IBM kule Marekani walieleza kanuni za kufunga kanzidata ambazo msingi wake unatumika hata leo, na Gray alipewa Tuzo ya Turing mwaka 1998. Basi anayesema kwamba mambo haya ni mapya na ndiyo maana yanatushinda, hasemi kweli. Yanajulikana kwa muda mrefu kuliko umri wa walimu wengi wanaolaumiwa kwa ajili yake.

Ugonjwa huanza pale mwenye kufuli anapozimia ndani ya ghala. Mlango umefungwa, ufunguo uko mfukoni mwake, na nje watu wamepanga foleni. Kila mmoja anaambiwa, "Ngoja, bado anahesabu." Kumbe hahesabu chochote.

Kwa nini kazi ya usiku hukwama? Sababu zake ni chache na zinafahamika. Ya kwanza, kazi inangoja jibu kutoka mashine nyingine kwa njia ya mtandao, na mtandao umekatika. Katika seva za Linux, kama hakuna aliyebadili mpango, mashine hungoja saa 2 nzima katika ukimya kabla ya kuanza kuuliza kama mwenzake yu hai, na hapo ni kama imeagizwa kuuliza. Isipoagizwa haiulizi kabisa. Ya pili, kazi inangoja mtu abonyeze kitufe, na saa 8 usiku hakuna mtu. Ya tatu, diski imejaa. Ya nne, kazi mbili zinangojana: mmoja ana ufunguo wa ghala na anangoja daftari, mwenzake ana daftari na anangoja ufunguo. Hii ya nne kanzidata nyingi hujua kuitambua, na humkatisha mmojawapo. Lakini zile mbili za kwanza kanzidata haiwezi kuzitambua. Yenyewe huona mteja aliyeshika kufuli na kunyamaza. Haijui kama anafikiri au amekufa.

Lipo na jambo la tano linalozidisha yote. Chombo kinachoamsha kazi kwa saa maalumu kwenye mashine za aina ya Unix na Linux huitwa kroni, nacho kinatumika tangu miaka ya 1970. Kroni ni kama kengele ya shule: hulia saa ikifika, haiulizi kama kipindi kilichotangulia kimekwisha. Ukiipangia kazi kila dakika 15, na kazi ya kwanza imekwama, baada ya dakika 15 inaamsha ya pili, kisha ya tatu, kisha ya nne. Zote zinataka kufuli lile lile. Kufika alfajiri kuna kazi nyingi zimepanga foleni mbele ya mlango mmoja, nazo zimekula nafasi zote za seva. Mwalimu anapofungua kishikwambi chake saa 1 asubuhi, hana hata pa kusimama.

Ndugu Mhariri, msomaji asidhani kwamba haya hutupata sisi tu kwa sababu ya umaskini wetu. Mwaka 2012 kule Uingereza, kundi la benki la RBS, lenye benki za NatWest na Ulster Bank, lilikuwa na programu ya kupanga kazi za usiku, zile zinazojumlisha malipo ya mchana katika akaunti za wateja. Jumapili ya tarehe 17 Juni, 2012, mafundi waliiboresha programu hiyo. Kesho yake wakaona matatizo, wakaamua kurudisha ile ya zamani bila kujaribu kwanza matokeo yake. Toleo la zamani halikupatana na lile jipya, na kazi za usiku zikavurugika. Kwa kuwa kazi hizo hufuatana kwa zamu, ya leo haiwezi kufanyika mpaka ya jana iishe, na mlundikano ukawa mkubwa siku hadi siku. Wateja zaidi ya milioni 6.5 wa Uingereza waliathirika. Wengine hawakuweza kujua salio lao, wengine walikwama ugenini bila fedha, na baadhi ya waajiri hawakuweza kulipa mishahara kwa wakati.

Sasa tazama alilaumiwa nani. Hakulaumiwa mteja aliyechelewa kulipa deni la nyumba. Mwezi Novemba 2014, wasimamizi wa fedha wa Uingereza waliitoza benki faini: mmoja pauni milioni 42 na mwingine pauni milioni 14, jumla milioni 56. Walisema wazi kwamba kosa lilikuwa la uongozi kutokuwa na mipango thabiti ya kutambua na kudhibiti hatari za kompyuta. Mwenye mfumo ndiye aliyebeba mzigo wa mfumo. Hilo ndilo somo ninalotaka tulichukue.

Mfano wa pili ni wa kampuni ya GitLab, ambayo huwatunzia waandishi wa programu kazi zao. Usiku wa tarehe 31 Januari, 2017, kanzidata yao ilielemewa, na nakala yake ya pili ikaachwa nyuma. Fundi akihangaika kuirekebisha alifuta mafaili, kumbe alikuwa kwenye seva kuu, siyo ile ya pili. Alipogundua na kusimamisha, karibu yote yalikuwa yamekwisha kufutika. Wakakimbilia nakala za akiba. Hapo ndipo wakakuta kwamba kazi iliyopangiwa kutengeneza nakala kila siku ilikuwa inashindwa, kwa sababu ilitumia toleo la programu lisilolingana na la kanzidata. Barua za kutoa taarifa ya kushindwa zilikuwa zikitumwa kwa baruapepe, lakini zilikataliwa njiani na hakuna aliyezisoma. Waliokolewa na nakala iliyokuwa imechukuliwa karibu saa 6 kabla ya ajali, na kila kilichoingizwa baada ya hapo hakikurudi.

Nawasifu kwa jambo moja. Waliwaeleza watumiaji wao mambo yote hadharani, hatua kwa hatua, na hawakumtaja yule fundi kwa jina ili asulubiwe. Walisema tatizo ni la utaratibu. Sisi huku mara nyingi hufanya kinyume: utaratibu unafichwa, na anayetajwa kwa jina ni mwalimu.

Kutokana na mifano hii, na kutokana na niliyojifunza kwa kusoma na kuwauliza mafundi, naomba wahusika wayafikirie mapendekezo yafuatayo.

Kwanza, kila kazi ya usiku iwekewe kikomo cha muda. Kama kujumlisha takwimu za wilaya kwa kawaida huchukua dakika 20, basi ikifika saa moja ikatishwe na mtu aarifiwe. Kanzidata zenyewe zina mipango hii. MySQL, katika utaratibu wake wa kawaida, humngojesha anayetaka kufuli la mstari kwa sekunde 50 kisha humwambia ameshindwa. PostgreSQL, kwa upande wake, isipoambiwa kitu husubiri bila kikomo; yapaswa kuambiwa wazi muda wa kungoja kufuli, muda wa kazi moja, na muda wa mteja aliyefungua muamala akanyamaza. Kuandika mipango hiyo hakuhitaji mkopo kutoka nje. Ni mistari michache tu.

Pili, kazi ya pili isiamshwe kama ya kwanza haijaisha. Katika Linux kipo chombo kiitwacho flock, ambacho huifanya kazi mpya itazame kwanza kama mwenzake bado yumo, na kama yumo igeuke irudi. Hakinunuliwi. Kukosekana kwake katika mfumo unaotumiwa na walimu wengi ni uzembe, na sioni neno jingine la kuliita.

Tatu, kazi kubwa igawanywe. Anayehesabu magunia 1,000 hana haja ya kufunga ghala kutwa. Ahesabu 50, aandike, afungue wengine wapite, kisha ahesabu 50 nyingine. Kazi ikikatika katikati, inaendelea pale ilipoishia badala ya kuanza upya. Na kazi ya kusoma tu takwimu za ripoti ifanywe kwenye nakala ya kanzidata, siyo kwenye ile ambayo walimu wanaandikia.

Nne, kufuli lisivunjwe kwa shoka. Hili nalisema kwa mafundi wa wilaya na hata kwa walimu wenzangu wanaotumia programu ndogo za alama kwenye kompyuta za shule. Mfumo ukikwama, tabia ya wengi ni kuzima umeme, au kufuta lile faili dogo linaloonekana pembeni ya kanzidata. Hatari iko hapa. Programu nyingi ndogo, na za simu pia, hutumia kanzidata iitwayo SQLite, ambayo huruhusu mwandishi mmoja tu kwa wakati mmoja. Kazi ikikatika ghafla, SQLite huacha pembeni faili lenye kumbukumbu za kurudishia hali ya kwanza. Ukilifuta faili hilo ukidhani ni takataka, umefuta dawa, na kanzidata yote yaweza kuharibika. Njia iliyo salama ni kutafuta programu iliyoshika kufuli, kuifunga kwa utaratibu, kisha kuifungua tena kanzidata ijirekebishe yenyewe.

Kwenye seva kubwa nako ni hivyo hivyo. Fundi atazame kwanza nani ameshika kufuli, tangu saa ngapi, na anafanya nini. PostgreSQL ina orodha ya kuonyesha kila mteja anafanya nini na tangu saa ngapi, iitwayo pg_stat_activity. Akimjua, amwombe kwanza akatishe kazi. Akikaidi, amkatie mawasiliano. Kuiua kazi moja kwa nguvu kutoka nje huifanya PostgreSQL iwafukuze watumiaji wote na kuanza kujitibu, na hapo mlioathirika mnaongezeka. Na kazi kubwa ikikatishwa, kanzidata kama MySQL yahitaji muda wa kufuta nusu iliyokwisha kuandikwa. Muda huo waweza kuwa mrefu kama ule wa kazi yenyewe au kuuzidi. Kuzima na kuwasha seva hakuharakishi, maana ikiwaka inaendelea na kufuta kule kule. Asiyejua hilo huzima mara ya pili na ya tatu, na anajikuta amepoteza siku mbili badala ya saa mbili.

Tano, awepo mtu wa zamu, na taarifa imfikie kwa njia mbili. Wale wa GitLab walikuwa na taarifa za baruapepe, lakini hazikufika. Ukimya wa mashine usihesabiwe kuwa ni salama. Afadhali kazi itume ujumbe kila inapomaliza vizuri, na ujumbe usipofika kufikia saa 11 alfajiri, mtu wa zamu aamke atazame. Walimu hatuanzi kuingiza taarifa kabla ya saa 1 asubuhi. Saa 2 hizo zinatosha kuokoa siku nzima.

Sita, mfumo useme Kiswahili cha kueleweka. Mwalimu aliyepanda kilima anaambiwa na skrini maneno ya Kiingereza cha mafundi, kisha anajaribu mara 20, na kila jaribio linaongeza foleni na kumaliza bando lake. Ingetosha kuandikwa: "Mfumo umefungwa kwa kazi ya ndani tangu saa 8 usiku. Taarifa zako hazijapokelewa. Jaribu tena baada ya saa 4 asubuhi." Maneno hayo machache yangemwacha mwalimu arudi darasani akafundishe.

Saba, na hili ndilo kubwa kwangu, tarehe ya mwisho isogezwe yenyewe kila mfumo unapofungwa. Kama Ijumaa haukuandikika kwa saa 6, muda uongezwe kwa saa 6 za kazi, na tangazo litolewe na mwenye mfumo. Seva huweka daftari la matukio, linaloonyesha lini ilifungwa na lini ilifunguliwa. Kabla ya kumwandikia mwalimu barua ya kujieleza, afisa atazame daftari hilo. Mahakamani hakimu hamhukumu mtu bila kuusikia upande wa pili. Iweje mwalimu ahukumiwe na mashine ambayo yenyewe ndiyo iliyolala?

Naijua hoja itakayotolewa kunijibu. Itasemwa kwamba wapo walimu wazembe wanaongoja siku ya mwisho, na kwamba muda ukisogezwa watazidi kulegea. Sikatai kwamba wapo. Lakini mzembe na mwenye bidii hawatofautishwi kwa kuwaadhibu wote wawili. Daftari la seva lingeonyesha nani alijaribu mara ngapi na saa ngapi, na nani hakujaribu kabisa. Aliyekuwa na wiki mbili asifungue mfumo hata mara moja, huyo na ajieleze. Aliyejaribu Jumatano, Alhamisi na Ijumaa akakuta mlango umefungwa, yule ana haki ya kuachwa. Haki ya namna hii haihitaji fedha. Yahitaji afisa atakayefungua daftari na kusoma.

Itasemwa pia kwamba mafundi wetu ni wachache na mifumo ni mingi. Ni kweli, na ndiyo maana napendekeza kanuni moja kwa mifumo yote badala ya kila ofisi kuhangaika kivyake. Tunayo Sheria ya Serikali Mtandao Na. 10 ya mwaka 2019, na chini yake ipo Mamlaka ya Serikali Mtandao, yenye wajibu wa kusimamia viwango vya mifumo ya umma. Ingefaa mfumo wowote utakaotumiwa na watumishi wa vijijini usikubaliwe kuanza kazi mpaka uonyeshwe ukistahimili jaribio dogo: kazi ya usiku ikwamishwe kwa makusudi, na itazamwe kama asubuhi mlango utafunguka. Mhandisi wa daraja hungoja daraja lipimwe uzito kabla ya mabasi kupita. Kanzidata inayobeba majina ya watoto wetu ni daraja pia.

Kwa walimu wenzangu nina neno fupi. Tusiseme "mtandao mbovu" tukaishia hapo. Mfumo ukikukatalia, andika tarehe, saa na maneno yaliyotokea, au piga picha skrini. Daftari la karatasi lisitupwe. Mahudhurio na majina yabaki kwenye karatasi iliyotiwa saini, ili yapatikane hata mfumo ukipoteza. Na tusibonyeze kitufe mara 20 kwa hasira, maana tunaiongezea mzigo foleni ile ile tunayoilalamikia. Mkuu wa shule apeleke malalamiko kwa maandishi, pamoja na saa zilizoandikwa. Malalamiko yenye tarehe na saa ni vigumu kuyapuuza.

Mwisho, Ndugu Mhariri, sitaki nieleweke kwamba nayapinga maendeleo ya kompyuta. Nakumbuka tulivyosafirisha fomu kwa basi, na fomu zikipotea njiani hakuna aliyejua. Kanzidata ni bora mara nyingi. Lakini chombo bora kinahitaji mwenye kukitunza, na mwenye kukitunza akilala, gharama isitupwe kwa yule aliye mbali zaidi na mwenye sauti ndogo zaidi. Mtoto wa kijijini ana haki jina lake liingie kwenye hesabu ya nchi yake. Mwalimu wake amekwisha kufanya sehemu yake: amemwandikisha, amemfundisha, amepanda kilima. Kazi iliyobaki ni ya wenye funguo.

Ni mimi wako katika kulijenga Taifa,

Mwalimu Mshika Chaki,
Shule ya Msingi ya Kijijini,
Kilosa, Morogoro.